Ripoti Ilisema Udongo Hauna Tatizo: Uchambuzi wa Kisa cha Shamba la Hekta Mbili

Ripoti ya kwanza ya maabara ilikuwa fupi: pH (kipimo cha tindikali; kadiri namba inavyoshuka chini ya 7, tindikali huzidi) 5.6, fosforasi kwa njia ya Bray 1 miligramu 21 kwa kilo, kaboni ogania asilimia 1.9, potasiamu 0.55 cmol(+)/kg (kizio cha virutubisho vyenye chaji vinavyoshikwa na udongo). Ushauri uliofuata ulikuwa mfupi pia. Udongo hauna tatizo kubwa, ongeza mbolea ya kukuzia. Urea ikapandishwa kutoka kilo 150 hadi 200 kwa hekta. Mavuno yakabaki tani 2 za mahindi kwa hekta, kwenye shamba lililowahi kutoa tani 4.

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya uchambuzi; si kumbukumbu ya shamba fulani. Namba zake zimepangwa zifuate mwenendo wa udongo wa aina hii, ili kila hesabu iliyomo msomaji aweze kuirudia mwenyewe.

Shamba na historia yake

Ni hekta 2 za mfinyanzi mwekundu kwenye mteremko mdogo. Mahindi yamepandwa kila mwaka kwa miaka 10 mfululizo. Wakati wa kupanda huwekwa DAP, mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, kilo 125 kwa hekta, kisha urea ya kukuzia. Mabua yote hubebwa kwenda kulisha mifugo. Trekta hulima kwa jembe la sahani, kina kile kile, kila msimu.

Shamba halifanani juu hadi chini. Juu kabisa kuna ukanda wa hekta 0.3 uliokuwa zizi, na hadi leo majivu hutupwa hapo. Mahindi yake hukua marefu na kijani kibichi. Tuuite A. Katikati, hekta 1.2, mahindi hudumaa na mimea michanga huota na rangi ya zambarau kwenye kingo za majani. Hiyo ni B. Chini, hekta 0.5, maji hutuama siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, na majani ya chini huwa ya manjano kuanzia ncha kuelekea katikati. Hiyo ni C.

Historia hii peke yake inatosha kumfanya mtu ashuku tindikali kabla hajachukua hata kijiko cha udongo. Kilo 125 za DAP zina kilo 22.5 za naitrojeni. Kilo 150 za urea zina kilo 69. Bakteria wanapoigeuza amonia kuwa nitrati, haidrojeni huachwa kwenye udongo, na hiyo ndiyo tindikali. Kwa makadirio ya kawaida, kila kilo ya naitrojeni iliyotoka kwenye urea hudai takriban kilo 1.8 za kalsiamu kaboneti ili tindikali yake izimuliwe; iliyotoka kwenye DAP hudai karibu mara mbili ya hapo. Kwa hiyo 69 × 1.8 ni 124, na 22.5 × 3.6 ni 81. Jumla ni kilo 205 za chokaa safi kwa hekta kwa mwaka, yaani tani 2 kwa miaka 10 ambazo hazikurudishwa. Mabua yanayobebwa huondoka na kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, hivyo deni halisi ni kubwa zaidi. Ushauri wa kuongeza kilo 50 za urea uliongeza juu yake kilo 41 nyingine kila mwaka.

Wastani ulivyoficha ugonjwa

Maabara haikukosea. Sampuli ndiyo iliyokosewa. Aliyeichukua alichimba pointi 12, nne katika kila eneo, akazichanganya kwenye ndoo moja. Eneo A ni asilimia 15 tu ya shamba, lakini lilitoa theluthi nzima ya udongo uliopimwa, nalo ndilo lenye samadi ya miaka mingi na majivu. Vipimo vya baadaye vilipoonyesha pH ya A ni 6.7, ya B 4.8 na ya C 5.3, wastani wake ukawa 5.6 ile ile. Fosforasi vilevile: 48, 6 na 9 huzaa 21.

(Kwa usahihi, pH ni kipimo cha logariti, na udongo uliochanganywa hautoi wastani wa moja kwa moja, kila udongo una nguvu yake ya kupinga mabadiliko. Hapa namba zimekaribiana, lakini mtu asifanye mazoea ya kujumlisha pH na kugawanya.)

Wapo watakaosema dawa ni kuchukua pointi kwa kufuata ukubwa wa kila eneo. Fanya hesabu hiyo: pH inakuwa takriban 5.2 na fosforasi 13. Ni afadhali, lakini bado hakuna hata mita moja ya shamba hili yenye udongo wa namna hiyo. Ukiweka chokaa kwa kufuata 5.2, utaipoteza kule A isikohitajika, na B itabaki na njaa ya chokaa. Maeneo yenye historia tofauti hayachanganywi kabisa. Kila moja ni shamba lake.

Sampuli ya pili

Kila eneo lilitolewa pointi 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizagi, kukwepa njia, kichuguu, kingo za shamba, chini ya miti na mahali palipochomwa takataka. Mistari ya mbolea ya msimu uliopita nayo ilikwepwa, kwa sababu pointi moja iliyoangukia juu ya chembe za DAP inaweza kuharibu sampuli nzima ya fosforasi. Ndoo iwe ya plastiki. Ndoo ya bati lililopakwa zinki huharibu kipimo cha zinki, na ndoo iliyowahi kubeba mbolea huharibu kila kitu.

Kina ndicho kilichofungua kisa hiki. Katika kila pointi udongo wa sentimita 0–20 uliwekwa kwenye ndoo moja na wa 20–40 kwenye nyingine. Unapochimba kwa jembe au beleshi, shimo lina umbo la V na udongo wa juu huporomokea chini. Futa kuta za shimo kwanza, kisha kata kipande cha unene ulio sawa kutoka juu hadi chini. Kipande chembamba chini na kinene juu kitaongeza mboji kwenye ripoti yako.

Udongo wa ndoo huvunjwavunjwa, huchanganywa, hutandazwa kwenye turubai, hugawanywa robo nne, robo mbili zinazokabiliana hutupwa, na kazi hurudiwa hadi ibaki nusu kilo. Anika kivulini. Usikaushe kwenye oveni kwa ajili ya vipimo vya rutuba, kwa kuwa joto hubadilisha potasiamu na naitrojeni inayopatikana. Sampuli za vipimo vya viumbe ni habari nyingine: hazianikwi. Hufungwa zikiwa mbichi na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 4 hadi zifike maabara.

Omba vipimo kwa majina. Ukisema tu "nipimieni udongo" utapewa pH, NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) na kaboni, na mshukiwa mkuu wa kisa hiki, alumini, hayumo humo. Yaliyoombwa hapa: pH kwa maji kwa uwiano wa 1:2.5, tindikali inayobadilishana (ile iliyoshikwa na udongo na kutolewa kwa chumvi) kwa KCl, yaani potasiamu kloridi, ya moli 1 huku alumini na haidrojeni vikitajwa kila kimoja peke yake, kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, fosforasi kwa Bray 1, kaboni kwa njia ya Walkley na Black, na upitishaji wa umeme ili kuiondoa shaka ya chumvi.

| Eneo na kina (cm) | pH | Ca | Mg | K | Al | H | Jumla | Al kwa % | P | Kaboni % |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| A 0–20 | 6.7 | 9.5 | 2.4 | 1.1 | 0 | 0 | 13.0 | 0 | 48 | 2.6 |
| B 0–20 | 4.8 | 1.9 | 0.6 | 0.25 | 1.6 | 0.2 | 4.55 | 35 | 6 | 1.2 |
| B 20–40 | 4.5 | 0.9 | 0.3 | 0.12 | 2.3 | 0.3 | 3.92 | 59 | 3 | 0.7 |
| C 0–20 | 5.3 | 3.6 | 1.2 | 0.3 | 0.4 | 0.1 | 5.6 | 7 | 9 | 1.9 |

Ca ni kalsiamu, Mg magnesiamu, K potasiamu, Al alumini, H haidrojeni na P fosforasi. Ca hadi Jumla, isipokuwa asilimia, ni kwa cmol(+)/kg, fosforasi kwa mg/kg. Upitishaji wa umeme ulikuwa mdogo kila mahali, hivyo chumvi ikaachwa.

Kabla ya kuiamini ripoti yoyote, ipime kwa mantiki. Alumini inayobadilishana karibu itoweke pH ya maji inapovuka 5.5, ripoti inayodai pH 6.3 na alumini 1.5 ina kosa mahali, ama lebo zimebadilishana au pH ilipimwa vibaya. pH ya KCl kwa kawaida huwa chini ya ile ya maji kwa nusu hadi kizio kizima. Kama ripoti haisemi ni ipi, uliza. Na usilinganishe fosforasi ya Bray na ya njia nyingine kama Olsen au Mehlich 3. Bray hutumia floridi na asidi na inafaa udongo wenye tindikali. Olsen hutumia bikaboneti ya pH 8.5. Namba 10 ya huku si namba 10 ya kule.

Kusoma jedwali

Safu ya kuitazama kwanza ni Al kwa asilimia, kisha pH. Asilimia hiyo hupatikana kwa kugawa alumini kwa jumla ya vyote vinavyobadilishana: 1.6 ÷ 4.55 = 0.35. Aina nyingi za mahindi huanza kuumia sehemu hii inapofika asilimia 20 hadi 30. Maharage huumia mapema zaidi, karibu asilimia 10. Katika B udongo wa juu umevuka mpaka, na chini ya sentimita 20 alumini imeshika zaidi ya nusu ya nafasi zote. Mzizi unaoshuka humo hunenepa nchani, hugeuka kahawia na hauzai matawi. Mvua ikikatika wiki mbili, mmea una kiu ilhali maji yapo sentimita 30 chini yake.

Rangi ya zambarau katika B ni ishara ya uhaba wa fosforasi, na jedwali linakubali: 6 ni kidogo. Lakini kutoka hapo kuruka hadi "ongeza DAP" ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Kwenye pH hii alumini na chuma hunasa fosforasi inayowekwa, na mizizi iliyodumaa haiwezi kuifuata hata ile iliyobaki. Uhaba ni wa kweli, ila ni mtoto wa tatizo jingine.

A haihitaji fosforasi kabisa, na kuendelea kuiwekea DAP ni kulisha mto: mvua ikibeba udongo huo, hubeba fosforasi nao. Jambo moja la kuuliza kuhusu mahali palipokuwa zizi ni kama palikuwa na josho karibu. Majosho ya zamani yalitumia aseniki, nayo haiozi. Historia ikisema ndiyo, lipia kipimo cha jumla cha aseniki. Ikisema hapana, usipoteze fedha kupima metali nzito kwa kubahatisha.

C ndiyo yenye kuhadaa. Asilimia 7 ya alumini si kitu kwa mahindi, kaboni yake ni nzuri kuliko ya B, na bado mahindi ni manjano. Karatasi ya maabara haina jibu hapo.

Shimo

Chimba shimo la sentimita 50 kwa 50, kina 50, na kuta zake uzikwaruze kwa ncha ya kisu kutoka juu kwenda chini. Kisu huambia mkono kile ambacho jicho halioni. Katika B kilipita kwa urahisi hadi sentimita 15, kikagoma hadi 22, kisha kikalegea tena. Ni tabaka gumu lililotengenezwa na jembe la sahani na magurudumu. Mizizi ilifika hapo ikakunja na kutambaa kwa usawa, bapa.

Ugumu huo upewe namba. Pete ya chuma ya kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha 5 ina ujazo wa sentimita za ujazo 98. Ipigilie polepole ukitumia kipande cha ubao juu yake, ichimbue kwa pembeni, kata udongo usawa na midomo yote miwili, kausha kwenye nyuzi 105 kwa saa 24, pima. Udongo wa juu wa B ulikuwa gramu 116, sawa na 1.18 kwa sentimita ya ujazo. Tabaka gumu lilikuwa gramu 149, sawa na 1.52. Kwa mfinyanzi, mizizi huanza kushindwa karibu na 1.4, kwa kichanga hata 1.6 huvumilika. Pete iliyogonga jiwe au mzizi mnene itupwe, usijaribu kusahihisha kwa kukisia. Kila tabaka lipewe pete tatu au zaidi.

Kwa hiyo B ina vizuizi viwili mahali pamoja: ukuta wa kugandamana kuanzia sentimita 15, na nyuma ya ukuta huo, sumu ya alumini. Ukivunja ukuta bila kugusa alumini, mizizi itapita na kukutana na sumu. Ukiweka chokaa juu bila kuvunja ukuta, utatengeneza udongo mzuri wa sentimita 15 tu.

Shimo la C lilitoa jibu ndani ya dakika chache: madoadoa ya kijivu na ya rangi ya kutu kuanzia sentimita 12, na harufu ya yai bovu kwenye mabonge. Udongo umekosa hewa. Nitrati inapokosa hewa hugeuzwa na bakteria kuwa gesi na kupotea. Umanjano wa C ni naitrojeni iliyoondoka kupitia juu, wala si mbolea iliyopunjwa. Kipimo cha kunyonya maji kilithibitisha. Bomba la kipenyo cha sentimita 15 lilipigiliwa sentimita 8 ndani, mililita 442 za maji zikamiminwa juu ya karatasi ya plastiki iliyovutwa taratibu, sawa na milimita 25 za mvua. Mmimino wa kwanza hulowesha tu. Wa pili ndio unaopimwa. A ilichukua dakika 6, B dakika 22, C dakika 95.

Viumbe

Watu wengi hukimbilia vipimo ghali vya vijidudu. Anza na vinavyoonekana. Bonge la sentimita 25 kwa 25 na kina 30 lilikatwa mara tano kwa kila eneo, asubuhi, msimu wa mvua, udongo ukiwa na unyevu wa kawaida, na nyungunyungu wakahesabiwa juu ya turubai jeupe. Bonge moja lina eneo la mita mraba 0.0625, kwa hiyo wastani huzidishwa kwa 16. A walikuwa 14 kwa bonge, yaani 224 kwa mita mraba. C 5, yaani 80. B mmoja, yaani 16. Kuhesabu kiangazi hakuna maana: nyungunyungu hushuka chini au hujikunja wakalala, na utaandika sifuri kwa udongo ulio mzima.

Sifuri ya nyungunyungu nayo isisomwe pekee. Upo udongo wa kichanga na maeneo makavu ambako mchwa na sisimizi ndio wafanyakazi. Katika B uhaba wa nyungunyungu una sababu tatu zinazosaidiana: hawapendi pH chini ya 5, mabua yanayobebwa ni chakula chao, na jembe la sahani huwakatakata na kuwaanika.

Kipimo cha pili ni cha maharage. Mistari miwili ilipandwa katika kila eneo bila naitrojeni, ikang'olewa wakati wa kuchanua, kwa beleshi, si kwa kuvuta. Vifundo vyenye nyama ya waridi ndani vinafanya kazi ya kunasa naitrojeni. Vyeupe au vya kijani havifanyi. A vilikuwa vingi na vya waridi. B kulikuwa na vichache vidogo vyeupe, jambo linalotarajiwa kwa kuwa bakteria wa vifundo na mharage wenyewe huteseka pamoja kwenye alumini. Hapa watu hukosea kuona uvimbe wa minyoofundo, minyoo midogo inayovimbisha mizizi, na kuuita vifundo. Kifundo halisi kimeshikizwa pembeni ya mzizi na hutoka ukikisugua kwa kidole; uvimbe wa minyoofundo ni mzizi wenyewe uliovimba, huwezi kuutenga bila kuukata. Katika shamba hili minyoofundo haikuwapo, na mshukiwa huyo akafutwa.

Cha tatu ni mabonge ndani ya maji. Chukua mabonge makavu ya ukubwa wa punje ya mahindi, yaweke kwenye chujio la waya ndani ya bakuli la maji, tazama dakika 5. Ya A yalibaki mazima. Ya B yalisambaratika chini ya dakika moja na maji yakawa tope. Bonge hushikamana kwa gundi za vijidudu, nyuzi za kuvu na mboji; likisambaratika hivyo, vumbi lake huziba matundu, na ndiyo sababu maji ya B huteremka kwenda kutuama C. Tatizo la C kwa sehemu kubwa linazalishwa B. Mfereji wa kutoa maji chini utasaidia, lakini bila kuirekebisha B utakuwa unazibuliwa kila mwaka.

Kupima pumzi ya udongo, yaani kaboni dioksidi inayonaswa kwenye sodiamu haidroksidi, kungeongeza namba kwenye ripoti bila kubadilisha uamuzi wowote hapa. Kikaachwa.

Kuthibitisha kabla ya kununua chokaa

Tani kadhaa za chokaa ni gharama. Jaribio la vyungu huchukua wiki sita na halihitaji maabara. Kilo 2 za udongo wa B kwa kila chungu, makundi manne: bila kitu, chokaa, fosforasi, chokaa na fosforasi, vyungu vinne kwa kila kundi, vikipangwa kwa kura. Chokaa ni gramu 2.4 za kalsiamu kaboneti safi kwa chungu (hesabu yake iko hapa chini), ikichanganywa na udongo wote na kuachwa na unyevu wiki mbili kabla ya kupanda. Naitrojeni na potasiamu ziwe sawa kote, vinginevyo utapima kitu kingine. Panda mbegu 5, punguza zibaki 3, kata baada ya wiki nne, kausha, pima, na mizizi ioshwe.

Vyungu vya fosforasi pekee vikizidi kidogo tu vile vitupu, huku vya chokaa na fosforasi vikiviacha mbali vyote, tindikali ndiyo iliyotangulia. Fosforasi pekee ikifanya vizuri sawa na zote mbili pamoja, tafsiri yote iliyopita irudiwe, na chokaa isinunuliwe.

Kiasi cha chokaa kwa B

Lengo ni kuizima alumini. Hakuna haja ya kufika pH 7. Kanuni ya Kamprath huzidisha alumini kwa 1.5: 1.6 × 1.5 = 2.4 cmol(+)/kg. Kila cmol(+) moja kwa kilo inahitaji gramu 0.5 za kalsiamu kaboneti, kwa hiyo ni gramu 1.2 kwa kilo ya udongo. Uzito wa udongo wa sentimita 20 za juu usichukuliwe kitabuni, pete zimeshautoa. Sentimita 15 za 1.18 na 5 za 1.52 ni wastani wa 1.265, yaani tani 2,530 kwa hekta. Zidisha: tani 3.04 za kalsiamu kaboneti safi.

Chokaa ya mfukoni si safi. Yenye uwezo wa kuzimua wa asilimia 90, na laini kiasi kwamba asilimia 80 tu itafanya kazi ndani ya mwaka, inahitajika 3.04 ÷ 0.72 = tani 4.2 kwa hekta, sawa na tani 5.1 kwa hekta 1.2. Chokaa yenye chenga kama mchanga huonekana rahisi kwa bei na hukaa shambani miaka bila kuyeyuka. Ipitishe kwenye chujio la milimita 0.25 uone kinachobaki juu. Magnesiamu ya chini ya sentimita 20 ni 0.3 tu, kwa hiyo angalau nusu ya chokaa iwe ya dolomiti, yaani yenye magnesiamu ndani yake.

Nusu imwagwe kabla ya kulima, nusu baada ya kulima na kabla ya haro, wiki sita hadi nane kabla ya kupanda, kwenye udongo wenye unyevu. Ikimwagwa yote juu na kuachwa, sentimita 5 za juu zitapanda pH kupita kiasi, zinki na manganizi zitajificha, na mahindi yatatoa michirizi myeupe kando ya mshipa mkuu. Isiwekwe siku moja na urea wala DAP: amonia itapaa.

Tabaka gumu hupasuliwa kwa chiseli, jembe la meno linalopasua bila kugeuza udongo, hadi sentimita 28, udongo ukiwa mkavu. Toa udongo wa kina hicho na uuviringishe kati ya viganja: ukikubali kuwa uzi wa milimita 3 bila kukatika, umelowa mno, na chiseli itapaka tope badala ya kupasua.

Chini ya sentimita 20 chokaa haifiki kwa haraka. Jasi (kalsiamu salfeti) hufika, kwa kuwa salfeti huteremka na maji ikiwa na kalsiamu. Brazil, kwenye udongo wa Cerrado (savana kubwa ya huko), hutumia kanuni ya kilo 50 mara asilimia ya mfinyanzi kwa mazao ya msimu. Mfinyanzi wa asilimia 45 ungetoa kilo 2,250 kwa hekta. Hapa ni busara kuanza na nusu yake kwa sababu jasi pia husukuma magnesiamu chini, nayo ni haba. Jasi haipandishi pH; atakayeipima kwa pH atadhani imeshindwa.

Mbolea ibadilike pia. Mbolea ya fosforasi ya B ibaki kilo 125 kwa hekta lakini iwe TSP, yenye fosforasi sawa na DAP bila amonia, na iwekwe kwenye mstari au shimo, si kumwagwa. Naitrojeni iwe CAN (kalsiamu amonia nitrati) kadiri inavyopatikana. Nusu ya mabua ibaki shambani.

Kupima tena

pH na alumini zipimwe baada ya miezi 12, mwezi ule ule, pointi zile zile, maabara ile ile, njia ile ile. Nyungunyungu na mabonge ya maji kila mwaka. Kaboni isiguswe kabla ya miaka 5, na hesabu inaonyesha kwa nini. Kupandisha kaboni kwa asilimia 0.1 tu katika tani 2,530 za udongo ni tani 2.5 za kaboni. Tani 3 za mabua makavu zina kaboni tani 1.35 hivi, na kama sehemu inayobaki udongoni ni asilimia 15, ni tani 0.2 kwa mwaka. Asilimia 0.1 ingechukua zaidi ya miaka 12, ilhali tofauti ya sampuli moja na nyingine ndani ya eneo moja huweza kuzidi hapo. Anayepima kaboni kila mwaka ananunua kelele.

Alumini ya B ikishuka chini ya asilimia 15 na mizizi bado inakunja sentimita 15, chokaa isiongezwe. Chimba shimo tena utazame kama chiseli ilipasua kweli au ilipaka.